Dumu Sio Fender, Liache Lilie Kidumu

Ukikutana na gitaa la dumu limechorwa chata la Fender kwa maka peni, jua mwenye nalo bado ana aibu. Mwana kakomaa kutoboa, kukata, kukaza waya mpaka vidole vimevimba, halafu anamalizia kwa kumdanganya mtu ambaye hata hajamuuliza. Sina noma na Fender, ni gitaa kali na wakali kibao wanalikung'uta. Noma yangu ni hilo chata. Dumu la lita 5 la mafuta ya kupikia lina mlio wake, mkavu, wa puani kidogo, na hakuna kiwanda Marekani wala China kinachouza mlio huo. Wewe unao, halafu unaufunika kwa wino.

Magitaa ya kujitengenezea hayajaanza na sisi. Mcheki mshua yeyote wa Pwani aliyewahi kuwa dogo mtundu, atakusimulia habari za kopo na mshipi wa kuvulia. Ila wao hawakuwa na programu ya kutyuni kwenye simu, wala video za kuangalia usiku bando likiwa la kutupwa. Sisi tunavyo. Kwa hiyo msela wa leo akitoka na gitaa linalozingua kutyuni, hana cha kujitetea.

Na hapa kwetu Mlandizi, Pwani, malighafi zimejaa mpaka kero. Barabara ya Morogoro inatupitia katikati, na pembeni yake utamkuta fundi baiskeli, fundi pikipiki, seremala na fundi simu. Nauli ya Kariakoo itunze uingilie uwanja wa Mabatini wikiendi. Anza kwa fundi baiskeli, na uanze kwa adabu.

"Shikamoo fundi. Naomba waya wa breki uliokatika."

"Marahaba. Ushakatika huo, unaupeleka wapi?"

"Nafungia gitaa."

Atakuangalia mara mbili, halafu atakuonyesha kwa kidole boksi la vyuma chakavu. Ukiwa hapohapo beba na spoku zilizopinda, utazihitaji. Mwachie hata jero ya maji, kesho utarudi tena.

Waya wa breki ni nyuzi nyembamba zilizosokotwa pamoja. Ukiufumua taratibu unapata uzi mmojammoja ambao unatosha kabisa kuwa waya wa kwanza wa gitaa. Usifumue kwa vidole vitupu, zile ncha zinachoma kinyama. Ukitaka wa besi, sokota nyuzi mbili au tatu pamoja, maana uzi ukiwa mzito mlio unashuka. Anayependa mlio laini atumie mshipi, ila ajiandae, siku za mwanzo unalegea kila akigeuka, atatyuni mpaka achoke.

Shingo ndiyo sehemu ya kutolea jasho. Kwa seremala hukosi vipande vya mninga vilivyobaki kwenye fremu za milango, anavikusanya tu pembeni. Mninga mkavu unanyooka na kutulia. Paini ni kitonga kuichonga, ila ikivutwa na nyuzi inajikunja, masika ndiyo kabisa. Na mbao mbichi achana nayo hata ukipewa bure.

Wengi wanapiga shingo misumari kwenye mdomo wa dumu, wanafunga nyuzi sita, wanaanza kukaza. Dakika tano nyingi, dumu limebonyea, shingo imeinama. Ni hesabu tu. Nyuzi sita za chuma za gitaa la umeme zikityuniwa kawaida zinavuta kwa pamoja zaidi ya kilo 40, yaani umelitundikia dumu karibu mfuko mzima wa saruji. Plastiki haina ubavu huo.

Dawa yake ni kuupitisha mti mzima ndani ya dumu, uingie huku utokee kule, na nyuzi zifungwe kwenye mkia wa mti, zisishike plastiki hata kidogo. Hapo vita inakuwa kati ya waya na mninga. Dumu limebaki na kazi moja tu, kulia. Kidaraja unakikalisha upande ulio bapa, na chini yake unabandika kipande chembamba cha plaiwudi ili kisizame. Halafu weka nyuzi tatu. Tatu zinatosha kubeba ngoma nzima, na unabaki na nafasi ya kuvutia uzi pembeni mpaka ulie kama unavyotaka. Ukiweka sita umesharudi kwenye kukopi.

Haya, pale pa kubonyeza, ndipo vipande vya zile spoku vinapokaa. Watu wengi wanagawa shingo sawa kwa sawa, sentimita tatutatu, halafu wanashangaa wimbo umelewa. Pima urefu wa uzi kuanzia kipande cha juu unapoegemea mpaka kwenye kidaraja. Tuseme ni sentimita 60. Gawa kwa 17.817, unapata 3.37, hapo ndipo spoku ya kwanza inakaa. Kilichobaki ni 56.63, nacho kigawe kwa 17.817, unapata 3.18, weka ya pili. Endelea hivyohivyo, kila hatua inakuwa fupi kuliko iliyopita. Ya 12 ikiangukia sentimita 30 juu ya alama, umepatia, kwa sababu uzi ukiukata katikati unalia sauti ileile ya juu yake. Ikiangukia 29 au 31, futa urudie. Kikokotoo cha simu kipo, usibishane na namba.

Ila nani kasema lazima uweke spoku? Hapa ndipo watu wa Mlandizi tunapojisahau. Ukishika barabara ya Makofia unatokea Bagamoyo, mkoa wetu uleule, mji ambao Hukwe Zawose aliishi na kufundisha. Mzee huyu, Mgogo wa Dodoma aliyezaliwa 1938, alikuwa mwalimu pale Chuo cha Sanaa, ambacho leo ni TaSUBa, akafariki mwaka 2003. Ilimba, ile marimba ya vidole gumba, na zeze vikampeleka dunia nzima. Real World, lebo ya mwanamuziki Peter Gabriel, ikatoa albamu ya Chibite mwaka 1996, kisha Assembly mwaka 2002 aliyoifanya na Michael Brook, mzungu wa magitaa ya umeme. Zeze lenyewe ukilikagua ni kibuyu, ngozi ya mbuzi, mti, waya na upinde wa kusugulia. Halina spoku hata moja. Kidole kinaamua.

Na sauti za Wagogo hazikupangwa na vibonye vya piano. Zinafuata zile sauti ndogondogo zinazojitokeza zenyewe ndani ya sauti moja nene. Jaribu geto: piga waya wako wazi, halafu uguse kidogo tu katikati bila kubonyeza, kisha kwenye theluthi, kisha robo, kisha moja ya tano. Zile sauti za filimbi zinazotoka ndizo. Programu ya kutyuni itakwambia baadhi yake zimekosea. Isikupelekeshe. Halafu kuna huu ufundi ambao naupenda kinoma: kwenye ilimba, Wagogo wanabandika utando wa buibui juu ya tundu makusudi ili mlio ukwaruze kidogo. Sisi dumu likikwaruza tunakimbilia kulinyamazisha kwa matambara.

Ukoo ule haujapoa. Msafiri Zawose alitoa Uhamiaji mwaka 2017, na mwaka 2024 mabinti wa ukoo, Pendo na Leah, wakashusha Maisha wakijiita The Zawose Queens. Wanapiga vyombo wenyewe, hawaitikii tu nyuma ya wanaume. Dada yeyote wa Mlandizi anayeambiwa waya na bisibisi ni mambo ya wavulana awacheki hao. Na kwani Mlandizi Queens hawakubeba ubingwa wa soka la wanawake Tanzania Bara mwaka 2017?

Sasa nije kwa wale wanaosema gitaa la kujichongea ni la msoto, ukipata mkwanja unanunua la ukweli. Freddie Mercury mnamjua, kazaliwa Unguja 1946. Yule jamaa wa gitaa nyuma yake, Brian May, chombo alichopigia ngoma nyingi kali za Queen alikichonga yeye na dingi yake. Walianza 1963 akiwa dogo wa shule London. Shingo waliitoa kwenye mbao ya mahali pa moto ya nyumba ya zamani, yenye matundu ya dumuzi, wakayaziba kwa njiti za kiberiti. Alama za shingoni ni vifungo kutoka kwenye boksi la kushonea la maza. Spring mbili za vali ya pikipiki zinarudisha nyuzi mahali pake akizitikisa, na mkono wa kutikisia ulitoka kwenye chuma cha kubebea begi la baiskeli. Mwaka 2002 alipanda juu ya paa la ikulu ya malkia wa Uingereza na gitaa hilohilo. Mkwanja alikuwa nao wa kununua duka zima.

Aliendelea nalo kwa sababu alilibuni kwa mlio aliokuwa anautaka. Alitaka gitaa ambalo ukilisogeza karibu na spika linaanza kujiimbia lenyewe, akaacha uwazi ndani ya tumbo lake. Hicho ndicho ninachowaambia masela wa kijiweni kila siku na hawanielewi. Anza na mlio kichwani, halafu ndiyo utafute dumu.

Roger Landu wa Kinshasa alikuwa nao kichwani. Dogo wa mtaani, kopo la maziwa, mti uliopinda, waya mmoja. Akakiita satongé, na kwenye albamu ya Très Très Fort ya bendi ya Staff Benda Bilili, mwaka 2009, ule waya mmoja unapiga solo juu ya magitaa ya wakubwa na hauzidiwi.

Dumu lako likishalia, liingize kwenye sabufa. Kwa fundi simu omba kile kisahani chembamba cha shaba kinacholia pii kwenye saa za mezani na midoli iliyokufa. Kichomee lehemu nyaya mbili, uziunganishe na pini ya AUX, kisha ukibane chini ya kidaraja. Kikigusa mti moja kwa moja kinatoa mlio mkali wa kukereketa, kwa hiyo kikalishe kati ya vipande viwili vya kandambili kuukuu. Atatokea bishoo mmoja akucheke kuhusu kandambili, mwache. Mchiriku wa Wazaramo ulikorogwa kwa vinanda vidogo vya Casio na spika za kuungaunga, kundi la Jagwa likaenda nao hadi Ulaya, na singeli inayotikisa vigodoro leo imetoka kwenye chungu hichohicho.

Ongeza sauti pole pole. Dumu likianza kupiga mluzi usikimbilie kuzima. Sogea hatua moja, ligeuze tumbo, sikiliza mluzi unavyopanda na kushuka. Ukipata pale unapokaa ndani ya wimbo wako, weka alama ya chaki sakafuni, uwe unasimama hapo. Maza akigonga ukuta, punguza besi kwanza. Akigonga tena ndiyo upunguze sauti.