Fahamu: Kaske ipi ya kuvaa kwenye pikipiki Kadutu?

Kadutu, hapa Bukavu, ni milima mitupu. Mvua ikinyesha, matope ya miteremko yake hayachagui motari (dereva wa pikipiki) wala abiria. Ndiyo maana kofia ngumu, au kaske kama tunavyoiita Bukavu, ina uzito kuliko bei yake. Mapitio ya tafiti yaliyotolewa na Cochrane mwaka 2008 yalikadiria kwamba inapunguza hatari ya kifo ajalini kwa 42% na ya majeraha ya kichwa kwa 69%.

Lakini si kila gamba linalong'aa ni kaske. Bonyeza ndani kwa dole gumba: chini ya kitambaa pawe na povu gumu, kama lile linalofungia televisheni mpya. Hilo ndilo linalopondeka badala ya fuvu, na halirudi lilivyokuwa. Kwa hiyo ya mtumba mimi siigusi. Nani ajuaye iligonga wapi?

Ivae, funga mkanda chini ya kidevu, kisha isukume kutoka kisogoni kwenda mbele. Ikitoka kichwani, mrudishie muuzaji. Kofia ya fundi ujenzi haihesabiki hapa.

Mwilini, jaketi nene ya jinzi na viatu vilivyofunika vidole. Ndala ziache mlangoni.