Kaburi Tupu la Namirembe

Kanisa la Kianglikana la Uganda lilikulia kivulini mwa utawala. Mwaka 1892 Waprotestanti na Wakatoliki walipigana Mengo, makao makuu ya ufalme wa Buganda, na bunduki za Kapteni Lugard, mtumishi wa kampuni ya Waingereza, zikawapa ushindi Waprotestanti. Tangu hapo wao ndio walioshika vyeo vikubwa vya Buganda. Basi kanisa lililobebwa na bunduki lina haki gani ya kumkemea mwenye bunduki? Ni swali la haki. Jibu langu ni kwamba haki hiyo lilikuja kuipata baadaye, na kwa gharama kubwa, lilipokwisha kukosa wa kulikinga.

Janani Luwum, askofu mkuu wa kanisa hilo tangu 1974, hakuwa mwanasiasa. Alimwendea Rais Idi Amin mara kwa mara kuwatetea waliokamatwa, hata baadhi ya waumini wakanung'unika kwamba ameizoea mno ikulu. Usiku wa 5 Februari 1977 askari waliipekua nyumba yake wakitafuta silaha, wasione kitu. Maaskofu wakamwandikia rais barua: wakalalamikia mauaji na watu kutoweka, wakasema bunduki aliyoelekezewa askofu wao imeelekezwa kwa kila Mkristo. Tarehe 16 Luwum akakamatwa Kampala pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth-Ofumbi. Kesho yake redio ya serikali ikatangaza kuwa wote watatu wamekufa kwa ajali ya gari. Mwili wa askofu ulipofika kwao Mucwini ulikuwa na matundu ya risasi.

Wapo wanaoshika Warumi 13 na kusema Mkristo hutii mamlaka. Lakini maaskofu hawa walitii: walipoitwa walikwenda, na malalamiko yao waliyapeleka kwa mtawala mwenyewe, wakiyatia saini. Kutii si kunyamaza. Wengine watasema barua haikumng'oa Amin. Waliomng'oa Aprili 1979 ni wanajeshi wa Tanzania na Waganda waliokuwa uhamishoni. Ni kweli, na kanisa halikuwa na jeshi. Lilichoweza ni kuyataja mauaji hadharani wakati nchi nzima imefundishwa kunong'ona, na kazi hiyo hakuna kifaru kingeifanya. Serikali ilipopiga marufuku ibada ya kumkumbuka Luwum, maelfu walikwenda kanisa kuu la Namirembe, Kampala, vilevile. Wakasimama wakiimba kando ya kaburi alilochimbiwa, halina mtu, jirani na la Askofu Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885 kwa amri ya Kabaka Mwanga.