Mipira 417: Hasheem Thabeet na masenta wa upande wetu wa dunia

Mtoto wa shule wa Genkuru ukimuuliza kikosi cha Simba au Yanga atakutajia wote, hadi kipa wa akiba. Ukimuuliza mchezaji wa mpira wa kikapu, jina litakalotoka kwa kawaida ni moja tu: Hasheem. La ukoo hatalitaja, na hakuna atakayemdai. Huku Tarime kikapu ni mchezo wa shule chache. Shuleni kwetu goli lilikuwa nguzo ya mkaratusi yenye ringi ya nondo iliyochomelewa na fundi wa mageti. Wavu haukuwepo, na mpira ukigonga ubao ulirudi popote ulipopenda wenyewe. Hata hivyo mwanafunzi aliyewapita wenzake kimo aliitwa Hasheem, awe amewahi kuugusa mpira wa kikapu au la.

Mtu ambaye jina lake limefika huko anastahili kuhesabiwa vizuri. Tatizo ni kwamba wengi wanaomhesabu Hasheem Thabeet huanza na kuishia kwenye pointi 2.2, wastani wake kwa mchezo katika misimu yake ya NBA, kisha hufunga daftari. Mimi naliona jambo hili kwa jicho jingine. Senta wa aina yake hupimwa kwa mipira aliyoizuia, na katika kipimo hicho Mtanzania huyu ana namba ambazo wachezaji wachache sana duniani wamewahi kuzikaribia.

Sentimita 84

Hasheem alizaliwa Dar es Salaam tarehe 16 Februari 1987. Ana urefu wa mita 2.21. Ringi ya kikapu huwekwa mita 3.05 kutoka chini, kwa hiyo kutoka utosini mwake hadi kwenye chuma ni sentimita 84. Akinyoosha mkono, kilichobaki ni kuinua visigino na kuruka kidogo. Mfungaji yeyote anayekuja kwa kasi kutoka pembeni anajua kwamba mpira wake lazima upite juu ya mkono huo, na juu ya mkono huo nafasi ni ndogo.

Alisoma Makongo, shule ambayo Dar es Salaam nzima inaijua kwa michezo, na alianza kikapu akiwa na miaka ipatayo 15. Umri huo ni wa kuukumbuka tutakapofika kwenye habari za NBA. Alimalizia sekondari Houston, Texas, na mwaka 2006 akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut chini ya kocha Jim Calhoun, mmoja wa makocha wakali kuliko wote waliowahi kufundisha kikapu cha vyuo Marekani.

Bloku 417

Katika misimu 3 Connecticut, Hasheem alizuia mipira 417. Kwenye vitabu vya chuo hicho aliyemtangulia ni mmoja tu, Emeka Okafor, mwenye 441. Msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa bloku 3.8 kwa mchezo, wa pili 4.5, wa tatu 4.2. Katika msimu huo wa tatu alifikisha pia pointi 13.6 na ribaundi 10.8 kwa mchezo, na katika kila mipira 100 aliyorusha kutoka uwanjani, 64 iliingia.

Kwa kulinganisha: Dikembe Mutombo, ambaye dunia nzima inamhesabu miongoni mwa wazuiaji wakubwa wa historia, alicheza misimu 3 Georgetown katika Big East, ligi ileile ya Connecticut, na akaondoka na bloku 354. Kijana wa Makongo alimzidi kwa 63.

Tuzo zilikuja mfululizo. Mchezaji bora wa ulinzi wa Big East mwaka 2008, na tena 2009. Chama cha makocha wa vyuo kikampa tuzo ya ulinzi ya taifa zima miaka hiyohiyo miwili. Tarehe 31 Januari 2009, dhidi ya Providence, alipata pointi 15, ribaundi 11 na bloku 10. Kufikisha tarakimu mbili katika mambo matatu kwa mchezo mmoja ni kazi, na kulifikisha la tatu kwa bloku ni kazi ya watu wachache mno, kwa sababu bloku huitoi mwenyewe. Lazima mpinzani aje kuitafuta.

Halafu ikaja juma lililobeba kila kitu kuhusu senta huyu. Tarehe 14 Februari, dhidi ya Seton Hall, alimaliza na pointi 25, ribaundi 20 na bloku 9. Siku mbili baadaye alitimiza miaka 22, na siku hiyohiyo Connecticut, iliyokuwa ya kwanza kwa ubora Marekani nzima, ikakutana na Pittsburgh. Huko alikuwepo DeJuan Blair, mtu wa mita 2.01 tu, mpana wa kifua, aliyejua kutumia mwili. Mapema katika mchezo wawili hao waligombea ribaundi, mikono ikanasana, na Blair akamvuta Hasheem akampitisha juu ya bega lake hadi sakafuni. Blair aliondoka na pointi 22 na ribaundi 23. Hasheem alipata pointi 5 na ribaundi 4, na Pittsburgh ikashinda 76 kwa 68.

Picha ile ya bega ilimfuata Hasheem miaka mingi, na wako wanaoikumbuka kuliko bloku zote 417. Lakini tazama kilichofuata. Msimu ulipoisha, waliopiga kura Big East walikataa kuchagua kati ya wawili hao. Tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wakawapa wote, Blair na Thabeet. Watu waliomwona mwaka mzima hawakumhukumu kwa usiku mmoja.

Mwezi Machi mwaka huo kikosi chake kilicheza na Syracuse pale Madison Square Garden, New York, mchezo uliohitaji nyongeza 6 za muda hadi ukaisha 127 kwa 117 kwa upande wa Syracuse. Baada ya hapo Connecticut wakafika nusu fainali ya taifa, Detroit, wakafungwa na Michigan State 82 kwa 73. Huo ndio ulikuwa mchezo wake wa mwisho wa chuo.

Kisichoingia kwenye karatasi

Karani wa takwimu huandika bloku pale tu mkono unapougusa mpira uliorushwa. NBA yenyewe ilianza kuziandika rasmi msimu wa 1973/74, ndiyo maana hakuna ajuaye kwa hakika Bill Russell na Wilt Chamberlain walizuia ngapi. Ila hata karani mwenye bidii haandiki mpira ambao haukurushwa. Ukizitazama mechi za Connecticut za 2009 utawaona walinzi wa timu pinzani wakimpita mtu wao, wakiingia hadi chini ya ringi, wakimwona Hasheem, kisha wakigeuka na mpira mkononi kutafuta mwenzao nje ya mstari. Hapo hakuna bloku, hakuna ribaundi, karatasi ni nyeupe. Naiona hiyo ndiyo kazi yake kubwa kuliko zote, na ninasikitika kwamba mtoto anayesoma wastani wake kwenye simu hana njia ya kuiona.

Wa pili usiku ule

Tarehe 25 Juni 2009, New York, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet akiwa namba 2 kati ya wachezaji wapya wote walioingia NBA. Namba 1 alikuwa Blake Griffin. Namba 3 alikuwa James Harden. Stephen Curry alisubiri hadi namba 7.

Kwa Mtanzania ilikuwa mara ya kwanza, na rekodi hiyo haivunjiki. Lakini ipo nyingine ambayo huku nyumbani haitajwi mara nyingi. Katika wazaliwa wote wa Afrika, waliowahi kuchaguliwa mbele ya nafasi hiyo ni Hakeem Olajuwon mwaka 1984 na Michael Olowokandi mwaka 1998, wote wazaliwa wa Lagos na wote wakiwa namba 1. Mutombo alikuwa wa 4 mwaka 1991. Joel Embiid wa Kameruni alikuwa wa 3 mwaka 2014. Upande huu wa bara, kutoka Khartoum hadi Maputo, hakuna aliyemfikia.

Yaliyofuata hayakulingana na nafasi ile. Msimu wa kwanza Memphis alicheza michezo 68, dakika kama 13 kila mmoja, akapata pointi 3.1, ribaundi 3.6 na bloku 1.3. Februari 2010 alipelekwa kwa muda Dakota Wizards katika ligi ya maendeleo, na hakuna mchezaji wa nafasi ya juu kiasi kile aliyekuwa amewahi kupelekwa huko. Baadaye akapita Houston, Portland, na misimu miwili Oklahoma City pamoja na Kevin Durant na Russell Westbrook. Alicheza michezo 224 kwa jumla.

Sababu zipo, na ni za haki kuzitaja. Memphis tayari ilikuwa na Marc Gasol katikati, na majira yaleyale ikamleta Zach Randolph. Sheria nazo zilibadilika juu yake: chuoni senta aliweza kusimama chini ya ringi akisubiri wageni, lakini NBA mlinzi asiyemkaba mtu haruhusiwi kukaa ndani ya eneo hilo zaidi ya sekunde 3. Silaha yake kubwa ikawekewa saa. Na ukumbuke ule umri wa miaka 15. Curry amelelewa na baba aliyecheza NBA. Hasheem alikuwa na miaka saba hivi tu tangu aujue mchezo wakati jina lake linasomwa. Ukizigawa dakika zake za msimu ule wa kwanza kwa haki, bloku 1.3 kwa dakika 13 ni sawa na zaidi ya 3 kwa mtu anayecheza dakika 36. Kuzuia alikuwa bado anajua. Muda ndio ulikuwa mfupi.

Baada ya NBA hakukaa chini. Alicheza Yokohama, Japani, na kisha Taiwan, Hsinchu na Tainan, akiwa na zaidi ya miaka 30.

Majirani kwenye kitabu cha rekodi

Hasheem hayuko peke yake. Manute Bol, Mdinka kutoka kusini mwa Sudan, mita 2.31, alizuia mipira 397 katika msimu wake wa kwanza NBA, 1985/86. Hakuna mchezaji mpya aliyeifikia idadi hiyo hadi leo. Mara mbili alizuia 15 katika mchezo mmoja. Alistaafu na bloku 2,086 na pointi 1,599: aliwanyima wapinzani mara nyingi kuliko pointi zake mwenyewe, na katika historia nzima ya ligi hiyo hilo ni lake pekee.

Mutombo, mzaliwa wa Kinshasa, alizuia 3,289. Anayemzidi ni Olajuwon tu, mwenye 3,830. Alikuwa mchezaji bora wa ulinzi mara 4, akatikisa kile kidole chake mbele ya kila aliyezuiwa, na mwaka 1994 akiwa Denver alizuia mipira 31 katika mfululizo wa michezo 5 ya mtoano dhidi ya Seattle, mara ya kwanza kwa timu ya nafasi ya 8 kuitoa ya kwanza. Mwaka 2007 alifungua hospitali Kinshasa kwa jina la mama yake, Biamba Marie. Alifariki tarehe 30 Septemba 2024.

Na yupo Bismack Biyombo wa Lubumbashi, mji ambao Kiswahili ndicho lugha ya sokoni na nyumbani. Mei 2016, akiwa na Toronto dhidi ya Cleveland ya LeBron James, alikusanya ribaundi 26 katika mchezo mmoja wa mtoano, rekodi ya klabu hiyo. Mwaka 2022 alitangaza kuutoa mshahara wake wa msimu kwa ujenzi wa hospitali Kongo, kwa kumbukumbu ya baba yake.

Ukiwapanga wanne hawa, wote wamejulikana kwa jambo lilelile: kulinda. Wengi wao walikutana na mchezo wakiwa vijana tayari. Kurusha kwa mkono laini hujengwa tangu utotoni, kwenye uwanja ulio karibu na nyumbani, ringi ikiwa sawa na mpira ukiwa mzuri. Kuzuia unaweza kujifunza kwa kuchelewa, ukiwa na miguu, macho na ujasiri wa kuruka ukijua huenda utaaibishwa mbele ya watu elfu ishirini. Mtu anayeshangaa kwa nini Hasheem hakuwa mfungaji angeanza kwa kutembelea shule za Tarime na kuhesabu ringi zilizonyooka.

Anayemfuata ametoka kwetu Kanda ya Ziwa. Atiki Ally Atiki wa Mwanza, senta wa mita 2.08, alipitia Kanada akaingia Chuo cha Brigham Young kule Utah mwaka 2021, kisha akahamia New Mexico. Kutoka Genkuru hadi Mwanza ni basi la siku moja kupitia Bunda na Lamadi, na vijana wenye simu huzitafuta video zake usiku, baada ya matokeo ya Ligi Kuu. Orodha ya Watanzania waliocheza NBA, hata hivyo, tangu 2009 ina jina moja.