Kiwanja Kikihama, Makaburi Yabaki na Nani?

Jumapili moja baada ya Misa, vijana wetu walikaa chini ya mwembe karibu na ofisi ya parokia, wakibishana kwa sauti kubwa. Nilidhani ni ugomvi wa mpaka wa shamba. Kumbe ni habari za mpira wa Uingereza. Kijana mmoja aliyevaa fulana ya buluu alisema kwamba timu ya Everton ilifanya vema kuhama kiwanja chake cha zamani. Mwenzake akajibu kwamba mtu ahamaye kwa babu yake bila kufukuzwa hana akili. Katekista wetu mstaafu alisikiliza kwa muda, kisha akauliza neno moja tu: "Na makaburi waliyaacha na nani?"

Vijana walicheka. "Babu, kiwanja cha mpira kina makaburi gani?"

Mzee hakucheka. Mwaka 1974, watu walipohamishwa kwenda vijiji vya pamoja, yeye alikuwa mtoto. Kaburi la baba yake lilibaki kwenye mahame, na leo hakuna awezaye kuonyesha mahali lilipo. Nami nilijua kwamba amegusa kiini cha habari yenyewe kuliko alivyodhani. Ndiyo sababu nimeshika kalamu.

Timu iliyozaliwa kanisani

Everton ni timu ya Liverpool, mji wa bandari. Wengi wetu twaikumbuka, maana mwezi wa Julai 2017 ilikuja Dar es Salaam ikacheza na Gor Mahia ya Kenya, ikashinda mabao 2 kwa 1. Timu hiyo ilianzishwa mwaka 1878 na watu wa kanisa la Kimethodisti la St Domingo. Mwaka uliofuata ikaitwa Everton, kwa jina la mtaa.

Tangu mwaka 1884 ilicheza katika kiwanja cha Anfield. Mkubwa wa kiwanja hicho alikuwa John Houlding, tajiri mwenye kiwanda cha pombe. Kodi ikapanda, maneno yakazidi, wanachama wakagawanyika. Mwaka 1892 walio wengi waliondoka, wakiongozwa na George Mahon, mpiga kinanda wa kanisa lile lile la St Domingo. Walivuka bustani ya Stanley Park wakajenga kiwanja chao, Goodison Park, kilichofunguliwa tarehe 24 Agosti 1892. Houlding akabaki na kiwanja kisicho na timu. Akafanya nini? Akaunda timu nyingine, ndiyo Liverpool ya leo. Basi kuhama kule kwa kwanza kuligawa mji mzima, hata leo katika nyumba moja waweza kukuta baba ni wa buluu na mwana ni wa nyekundu.

Miaka mia na zaidi

Goodison Park ilisimama katikati ya nyumba za watu. Pembeni mwake lipo kanisa la Kianglikana la Mtakatifu Luka, limekaribiana mno na majukwaa ya watazamaji. Hapo Dixie Dean alikuwa shujaa, yeye aliyefunga mabao 60 ya ligi katika msimu wa 1927 hadi 1928. Na hapo hapo alikata roho mwaka 1980, akiwa mzee, akitazama Everton ikicheza na Liverpool. Katika Kombe la Dunia la mwaka 1966, Eusébio, mzaliwa wa jirani zetu Msumbiji, alifunga mabao manne katika kiwanja hicho. Korea Kaskazini ilitangulia kwa mabao 3, lakini Ureno ikamaliza kwa ushindi wa 5 kwa 3.

Sasa nije kwenye swali la mzee. Kwa miaka mingi jamaa za wapenzi wa timu walileta majivu ya marehemu wao, yakazikwa kando ya uwanja wa kuchezea. Ni majivu ya mamia ya watu. Sisi Wakatoliki Kanisa latufundisha kwamba majivu ya marehemu yawekwe mahali patakatifu, nasi hatutafanya kama wao. Hata hivyo tusiwacheke. Waliwaweka baba na mama zao mahali walipoamini kwamba hawatasahaulika.

Mabishano ya kuhama

Kwa nini basi wahame? Waliotaka kuhama walikuwa na sababu nzito. Kiwanja kilichakaa. Nguzo zilizuia macho ya watazamaji. Kilichukua watu karibu 39,000 tu, na nyumba za watu zilikizunguka, hata hapakuwa na nafasi ya kupanua. Timu zenye viwanja vikubwa zilipata mapato makubwa zaidi na kununua wachezaji bora.

Shauri la kujenga katika gati la Kings Dock lilikufa mwaka 2003 kwa kukosa fedha. Kisha likaja shauri la Kirkby, nje ya mpaka wa mji, kwa ushirikiano na kampuni moja kubwa ya maduka. Mwaka 2007 wapenzi wa timu walipiga kura: asilimia 59 walikubali. Lakini waliokataa hawakunyamaza. Waliuliza, timu ya mji yawezaje kulala nje ya mji? Wenzao wakajibu kwamba fahari haijengi majukwaa. Marafiki wa miaka mingi walitupiana maneno makali. Mwishowe, Novemba 2009, serikali ya Uingereza ililikataa shauri hilo.

Baadaye likapatikana gati la Bramley-Moore, lililofunguliwa mwaka 1848 kando ya Mto Mersey. Hili lilikuwa ndani ya mji, yapata kilomita tatu tu kutoka Goodison. Safari hii watu waliulizwa mapema, mwaka 2018 na tena mwaka 2019, na wengi sana walikubali. Gharama hazikuwa za fedha tu. Mwaka 2021 UNESCO iliiondoa bandari ya Liverpool katika orodha ya urithi wa dunia, na kiwanja hicho kilikuwa moja ya sababu. Mwaka 2023 mfanyakazi kijana alikufa kazini hapo.

Tarehe 18 Mei 2025 timu ya wanaume iliaga Goodison kwa kuifunga Southampton mabao 2 kwa 0. Wazee kwa watoto walilia. Tarehe 24 Agosti 2025, miaka 133 kamili tangu Goodison kufunguliwa, walicheza mchezo wao wa kwanza wa ligi katika kiwanja kipya chenye nafasi ya watu zaidi ya 52,000, wakaifunga Brighton 2 kwa 0.

Na makaburi?

Mwanzoni Goodison ilikuwa ivunjwe, pajengwe nyumba na mambo mengine ya manufaa. Lakini Mei 2025 ilitangazwa kwamba kiwanja kitakuwa nyumba ya timu ya wanawake ya Everton. Wanawake hawakuwa wageni hapo. Desemba 1920 watu wapatao 53,000 walijaa Goodison kutazama wanawake wakicheza. Mwaka uliofuata wakubwa wa mpira wakawapiga marufuku katika viwanja vya vyama vyao, na marufuku hiyo ilidumu kwa karibu miaka 50. Leo wao ndio walinzi wa nyumba ya zamani, na majivu yale hayakuachwa porini.

Tusiseme kwamba kila mtu alipona. Wenye maduka na mikahawa ya mtaa ule wamewapoteza wateja wengi, kwa kuwa watazamaji wa wanawake ni wachache kuliko wa wanaume. Lakini walihama bila timu kugawanyika mara mbili, kama ilivyokuwa mwaka 1892.

Ndugu msomaji, hata sisi twahamisha mambo: soko, zahanati, kiwanja cha shule, kigango. Twazoea kuuliza, "Kule kupya kuna nini?" Ni swali jema, lakini halitoshi. Tuulize pia, "Nani ameulizwa? Na huku tuondokako atabaki nani?"

Nilimsimulia katekista habari hii yote. Alinyamaza kitambo, kisha akasema, "Hao wanawake wamefanya vizuri." Akachukua fimbo yake akaenda zake. Jumamosi iliyofuata wale vijana, pamoja na yule wa fulana ya buluu, walikwenda naye mahame wakiwa na mapanga, kufyeka na kutafuta.