Baridi ya Juni na Julai: uwashe nini barazani, na nini kisiingie ndani

Kila ifikapo Juni, sisi wa miinuko ya Tarime tunajua usiku unavyouma. Hata Mugumu, upepo ukianza jioni, kukaa nje bila koti ni kazi. Msikilizaji mmoja mwenye mgahawa alitupigia akauliza: "Wateja wanapenda kukaa barazani, lakini saa mbili usiku baridi inawaondoa. Ninunue nini?"

Swali hili si la wenye migahawa tu. Ni la kila mwenye msiba, harusi au wageni wanaokesha nje. Tulijibu kwa kifupi hewani, na haya ndiyo maelezo kamili.

Anza na upepo

Nje huwezi kupasha hewa, kwa sababu upepo unaichukua. Kinachokusaidia ni joto linalokufikia moja kwa moja kutoka kwenye moto, kama lile la jua. Ndiyo maana ukiota moto kifua kinaungua huku mgongo ukiwa baridi. Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, funga turubai au weka ukuta wa mabanzi upande unaotoka upepo. Hilo peke yake linaweza kumaliza nusu ya tatizo. Lakini acha angalau pande mbili wazi. Sababu utaiona hapo chini.

Kuni

Moto wa kuni unafaa uwanjani, si chini ya paa la nyasi. Tumia kuni kavu, maana mbichi hutoa moshi mwingi na joto kidogo. Ukizungushia mawe, usichukue ya mtoni: maji yaliyomo ndani yakichemka, jiwe linaweza kupasuka na kurusha vipande. Usimwage petroli wala mafuta ya taa kuamsha moto. Weka ndoo ya mchanga au maji karibu, na mtu mwenye kifafa asiachwe peke yake karibu na moto.

Mkaa

Jiko la mkaa ni rahisi kulipata na halina moshi mwingi, kwa hiyo wengi tunalipenda barazani. Liweke mahali tambarare, mbali na njia ya watoto. Hatari yake tutaieleza mwishoni.

Gesi

Yapo majiko marefu ya gesi yenye kofia juu, yanayotumika kwenye mahoteli. Yanatoa joto zuri, lakini piga hesabu kwanza. Likiwashwa kwa nguvu yote, jiko kubwa la aina hiyo hula karibu kilo 1 ya gesi kwa saa. Ukiwasha kuanzia saa 1 hadi saa 4 usiku, ni kilo 3. Mtungi wa kilo 15 utakutosha siku tano. Gawa bei ya mtungi kwa tano, kisha jiulize kama mauzo ya jioni moja yanairudisha. Lisimame mahali ambapo halitaangushwa na upepo, mbali na turubai na nyasi, na uunganishaji wa mpira upimwe kwa povu la sabuni. Povu likitoa mapovu mapya, gesi inavuja.

Umeme

Hita ya umeme haina moshi wala majivu. Ila yenye wati 2,000 hula uniti 2 kwa saa. Saa tatu kila usiku ni uniti 6, na kwa mwezi ni uniti 180. Kwa nyumba inayolipa bei nafuu ya matumizi yasiyozidi uniti 75 kwa mwezi, hita hiyo itakutoa kwenye bei hiyo. Na isinyeshewe mvua, kama haikutengenezwa kwa ajili ya nje.

Kisichoingia ndani

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa kwenye msiba wa ndugu. Usiku mvua ikanyesha, mtu akabeba jiko la mkaa akaliingiza chumbani walimolala akina mama na watoto, mlango ukafungwa. Alfajiri mama mmoja aliamka kichwa kikimgonga, akatapika, akaweza kufungua mlango. Wote walipona. Asingeamka, tungekuwa na misiba mingine.

Mkaa ukiwaka hutoa hewa ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Hushikana na damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni, hivyo mwili unakosa hewa huku mtu akivuta pumzi kama kawaida. Aliyelala huenda asiamke kabisa. Mkaa uliokwisha kuwa mwekundu, usio na moshi, bado unatoa sumu hiyo. Gesi na kuni pia huitoa mahali palipofungwa, ndiyo maana baraza isizungushiwe turubai pande zote.

Dalili ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu na miguu kukosa nguvu. Wakiumwa watu kadhaa wa chumba kimoja kwa pamoja, usifikirie malaria kwanza. Fungua milango, watoe nje, kisha wapeleke hospitali hata kama wanasema wamepata nafuu. Ukizuka moto, Zimamoto wanapatikana kwa namba 114 bila malipo.

Kwa msikilizaji wetu wa mgahawa: anza na turubai upande wa upepo, kisha jiko la mkaa barazani. Gesi ifuate hesabu ikikubali. Na ukifunga biashara, jiko lizimwe na libaki nje. Ndani, ongeza blanketi.