Bango la Taa: Stika Yake Kagua Usiku, Siyo Mchana

Leo tuongelee bango la taa, lile boksi lenye taa ndani na jina la duka usoni. Wengi wetu tunaanza kulitamani pale biashara ya mtandaoni inapokua na kupata kifremu cha wateja kuchukulia mzigo. Wengine humu mnauza mabango yenyewe kwa oda za WhatsApp na Instagram. Wote mnahusika.

Mimi nina duka la stika. Nina plota ya kukatia, ila printa kubwa sina. Kazi za kuprinti napeleka kwa wenye mashine, zikirudi nabandika mwenyewe. Sikusomea popote, nimejifunza kwa kushika kazi na kusumbua mafundi kwa maswali. Na kwa jinsi nilivyoona, pesa nyingi kwenye mabango ya taa zinapotea kwa sababu ya stika.

Kwa nini stika ya kawaida inakuangusha usiku

Bango la kawaida linapigwa na mwanga kwa mbele. Mwanga unapita kwenye wino, unagonga weupe wa stika, halafu unarudi machoni kwako ukipita tena kwenye wino. Yaani rangi unaiona kama imepakwa mara mbili. Bango la taa mwanga unatokea nyuma, kwa hiyo unapita kwenye wino mara moja tu. Ndiyo maana nyekundu iliyokolea mchana, usiku inakuwa pinki, na nyeusi inakuwa kama kahawia au kijivu.

Halafu kuna stika yenyewe. Stika nyeupe ya kawaida haikutengenezwa kupitisha mwanga. Nyingine gundi yake ni ya kijivu, makusudi, ili ifiche kilicho chini. Ukiweka taa nyuma unapata giza. Zile za gundi angavu zinapitisha mwanga, ila kwa mabakamabaka na vitobo vidogovidogo ambavyo mchana huvioni kabisa.

Kuna dada mmoja anauza viatu mtandaoni, aliniletea bango lililotengenezwa sehemu nyingine. Alililipia kwa hela ya mchezo zamu yake ilipofika. Mchana lilikuwa jekundu safi. Usiku likawa pinki, katikati lina mstari mweusi, na taa za ndani unaweza kuzihesabu moja moja. Wateja wake wengi wanakuja jioni wakitoka kazini, na jina la duka halisomeki, ikabidi kila mmoja amwelekeze kwa simu mpaka mlangoni. Tulipolifungua, boksi lilikuwa zima, akriliki nzima, nyaya nzima. Shida ilikuwa stika ya kawaida iliyoprintiwa kama bango la kawaida, vipande viwili vilivyopandana, na taa zilizopangwa mbalimbali kwenye boksi jembamba. Tulibadilisha stika na kuongeza taa, likawaka vizuri. Ila ufundi ameulipia mara mbili.

Chagua stika sahihi

Unayoitaka ni stika inayopitisha mwanga, ya rangi ya maziwa. Usichanganye na stika angavu inayoonesha upande wa pili kama kioo. Ya maziwa inausambaza mwanga ukawa sawa uso mzima, ile angavu inauachia tu.

Kupima ni rahisi. Omba kipande cha stika, kiweke juu ya kipande cha akriliki nyeupe, halafu washa tochi ya simu kwa nyuma, mkiwa sehemu yenye giza. Ikiwa nzuri, mwanga unatoka laini na sawasawa. Ukiona mabaka, vitobo au giza, rudisha.

Kukata au kuprinti?

Nembo yako ikiwa na rangi moja au mbili, kata, usiprinti. Zipo stika za taa ambazo zimeshatengenezwa na rangi ndani yake, kama Oracal 8500 au 3M 3630. Rangi inakuwa sawa uso mzima na haina mistari ya printa. Zinakatwa kwa plota na kubandikwa juu ya akriliki nyeupe. Kwa maandishi ya duka, mimi hapa ndipo ninapompeleka mteja kwanza.

Printi pale ambapo kuna picha, rangi zinazofifia kuelekea nyingine, au rangi nyingi sana. Hapo unatumia stika nyeupe ya taa.

Ukipeleka kuprinti, sema haya

1. Mwambie mwenye mashine tangu mwanzo kwamba ni kazi ya taa. Programu za printa nyingi zina mpangilio wake wa kazi hiyo, unaoongeza wino. Asiyekuwa nao anaweza kuprinti mara mbili juu ya palepale.

2. Mashine iende polepole. Ikikimbizwa inaacha mistari myembamba. Mchana haionekani, usiku inaonekana kama ngazi.

3. Printi kwanza kipande kidogo chenye rangi zako zote, kikague taa ikiwa nyuma. Kwenye kompyuta rangi zinadanganya, na mezani zinadanganya pia. Tena, kipande chenye wino wa kutosha kwa taa kikiwa mezani kinaonekana kimekolea kupita kiasi. Usiogope, kiweke kwenye mwanga kwanza.

4. Acha wino ukauke. Wino wa solventi uliokolezwa hivyo mpe angalau saa 24 kabla ya laminesheni, na ukimpa 48 ni salama zaidi. Ukifunika wino mbichi, gundi inalainika na kingo zinaanza kuinuka. Kwa hiyo mteja akisema "nataka leo jioni", mwambie ukweli.

5. Weka laminesheni. Jua letu halina huruma kwa wino, na ukanda wa pwani una chumvi juu yake.

6. Nyeusi ambayo ni lazima iwe nyeusi kabisa, usiitegemee printa. Kata stika nyeusi isiyopitisha mwanga, bandika juu.

Usiunge stika hovyo

Vipande viwili vikipandana hata kidogo, pale panakuwa na unene mara mbili, na usiku unapata mstari mweusi. Dawa ni kupanga saizi mapema. Akriliki nyingi zinakuja futi 4 kwa 8, yaani mita 1.22 kwa 2.44, na roli nyingi za stika zina upana wa kuanzia mita 1.22. Ukipanga bango ndani ya kipimo hicho unabandika kipande kimoja, humuungi mtu kiraka. Kama ni lazima kuunga, panga kiungio kiangukie kwenye ukingo wa herufi nyeusi au fremu.

Akriliki na taa

Tumia akriliki nyeupe ya maziwa. Ile ya kioo itaonesha taa zote na nyaya zake. Kwa taa za LED, ninachofuata ni hiki: nafasi kati ya taa na taa isizidi kina cha boksi. Boksi likiwa na kina cha sentimita 10, taa zisiachane zaidi ya hapo. Zikiachana sana, vidoti vinaonekana. Chukua pia taa nyeupe. Zile za njano zinachafua rangi, bluu inaanza kuelekea kijani.

Akriliki ioshe kwa maji na sabuni, ikauke. Usiifute kwa petroli wala tina, itapata nyufa ndogondogo. Bandika sehemu isiyo na vumbi, kwa sababu punje moja chini ya stika usiku ni doa jeusi. Ukibandika kwa maji ya sabuni, yasukume yote yatoke kuanzia katikati kwenda pembeni. Na kwenye fremu iachie akriliki nafasi kidogo, kwani joto linaitanua.

Muundo unaosomeka

Usijaze weupe uso mzima halafu uweke herufi nyembamba. Mwanga utazimeza. Usuli wa rangi nzito na herufi nene nyeupe au njano vinasomeka mbali zaidi. Namba ya simu ikae kubwa, siyo kwenye kona kama saini.

Kwa mnaotuma mikoani

Stika iviringishwe upande wa picha ukiwa nje, kwenye bomba pana la karatasi gumu. Usiikunje kama shuka. Mkunjo mmoja tu utaonekana kila usiku bango likiwaka. Na ukilipiga picha ya tangazo, gusa sehemu yenye mwanga kwenye skrini ya simu kwanza, kamera ishushe mwanga, la sivyo mteja ataona weupe mtupu.

Kabla hujamalizia hela

Muulize fundi maswali manne: Stika ni ya taa au ya kawaida? Itakuwa na kiungio? Wino utakauka muda gani? Taa zitaachana kiasi gani? Fundi anayeijua kazi atakujibu bila kukasirika. Majibu yakae kwenye meseji, siyo mdomoni tu. Mkubaliane kabisa kwamba hela ya mwisho inatoka baada ya bango kuwashwa gizani ukiwepo, au ukiwa mbali akutumie video, taa ikiwashwa na kuzimwa.

Na wewe unayeuza mabango, usisubiri kuulizwa. Tuma video hiyo mwenyewe kabla mteja hajaomba. Stika ya taa ni ghali kuliko ya kawaida, na mteja hawezi kujua kwa nini bei yako iko juu ya jirani mpaka aone zote mbili zikiwaka. Mimi dukani nina kiboksi kidogo chenye stika hizo mbili upande kwa upande. Mteja akianza kulalamikia bei, nazima taa ya duka, nawasha kiboksi, nanyamaza. Wengi wanachagua wenyewe.