Kifundo Kilichoteguka, Gegedu Lililopasuka

Tarehe 26 Mei 1993, katika Uwanja wa Olimpiki mjini Munich, AC Milan ilifungwa 1-0 na Marseille katika fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya. Mshambuliaji wa Milan siku hiyo alikuwa Marco van Basten. Katika uwanja huohuo, miaka mitano kabla, alikuwa amefunga lile bao la shuti la hewani dhidi ya Umoja wa Kisovieti, na Uholanzi ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Baada ya fainali ya 1993 hakucheza tena mechi ya ushindani. Alikuwa na umri wa miaka 28. Alihangaika na matibabu kwa miaka miwili, na Agosti 1995 akaaga soka akiwa na Ballon d'Or tatu kabatini. Kilichomshinda kilikuwa kifundo cha mguu, ambacho tayari kilikuwa kimepasuliwa zaidi ya mara moja. Katika kitabu cha maisha yake ameeleza jinsi alivyokuwa akitambaa usiku kwenda msalani kwa maumivu. Hatimaye mifupa ya kifundo hicho iliunganishwa ili isicheze tena, na hapo ndipo maumivu yalipomwachia.

Kisa chake kinajulikana kwa sababu ya jina lake. Jeraha la kifundo kama lake ni la watu wengi wasiojulikana, na wengi wao hawajui kwamba wanalo.

Kifundo kina mfupa mmoja uliokaa katikati ya mifupa miwili ya mguu kwa juu na mfupa wa kisigino kwa chini. Madaktari huuita talasi. Hakuna msuli hata mmoja ulioshikamana nao, na zaidi ya nusu ya uso wake umefunikwa na gegedu, ule utando mweupe, laini na wenye utelezi unaoifanya mifupa iteleze bila kusagana. Sehemu iliyobaki ya kupitishia mishipa ya damu ni ndogo, kwa hiyo talasi hupata damu kwa shida. Gegedu lenyewe halina mshipa wa damu wala wa fahamu, na hulishwa na ute wa kiungo. Tabibu William Hunter aliliandika jambo hili London mwaka 1743: gegedu likishaharibika, halirudi. Karibu karne tatu baadaye hakuna aliyemkanusha kikamilifu.

Mguu unapopinduka kwa ndani, talasi hujigonga kwenye kuta za mifupa inayoibana. Kipande cha gegedu, mara nyingi pamoja na kigamba cha mfupa wa chini yake, huchubuka, hupasuka au hung'oka kabisa na kubaki kikielea ndani ya kiungo. Mwaka 1959 madaktari Berndt na Harty walionyesha kwamba vidonda hivi hutokana na kuumia, wakavigawa katika hatua nne kulingana na jinsi kipande kilivyoachana na mfupa. Mgawanyo wao bado unatumika.

Swali linalowasumbua wagonjwa ni hili: kama gegedu halina fahamu, maumivu yanatoka wapi? Yanatoka kwenye mfupa. Fikiria barabara ya lami yenye ufa. Kila gari linapopita, maji husukumwa ndani ya ufa, udongo wa chini unaliwa kidogokidogo, na siku moja shimo linafunguka. Ndivyo ute wa kiungo unavyosukumwa kwenye mfupa kupitia ufa wa gegedu kila unapokanyaga. Mfupa unalika, unajaa vifuko vya majimaji, na hapo ndipo penye mishipa ya fahamu. Ndiyo maana mtu anaweza kutembea vizuri asubuhi, na ikifika jioni, baada ya kusimama dukani kutwa, akawa hawezi kuvaa kiatu.

Kwetu Tanzania safari ya jeraha hili inafanana kila mahali. Kijana ameteguka kwenye kiwanja cha mashimo, au pikipiki imemlalia mguu. Nyumbani anakandwa kwa maji ya moto, kisha anachuliwa kwa nguvu na fundi wa mtaa. Akifika hospitali anapigwa eksirei, haionyeshi mvunjiko, anapewa dawa za maumivu na kuambiwa atapona. Wengi hupona kweli, kwa sababu mara nyingi mguu ulioteguka umeumia kano tu. Lakini eksirei ya kawaida haioni gegedu, na kidonda kidogo cha talasi huweza kuipita. MRI ndiyo inayolionyesha gegedu na uvimbe ndani ya mfupa, na siti skani husaidia kupima ukubwa wa shimo la mfupa kabla ya kupanga upasuaji. Vipimo hivi ni ghali na viko kwenye hospitali chache. Hata hivyo, mgonjwa mwenye maumivu ya miezi mitatu asiendelee kununuliwa dawa za kutuliza maumivu huku hakuna aliyetazama ndani ya kiungo chake.

Kuingia ndani ya kifundo bila kukipasua chote kulichukua muda. Mwaka 1931 daktari Michael Burman wa New York, akijaribu kamera za viungo kwenye maiti, alitangaza kwamba kifundo ni chembamba mno na hakifai. Wajapani hawakukubali. Kenji Takagi, ambaye mwaka 1918 alikuwa ameshachungulia ndani ya goti kwa darubini ya kibofu, aliendelea kuvitengeneza vifaa hivyo, na mwanafunzi wake Masaki Watanabe akapata kifaa chembamba cha kutosha. Mwaka 1972 Watanabe aliripoti mfululizo wa vifundo alivyoviangalia kwa njia hiyo. Leo daktari hupitisha kamera kwenye tundu dogo mbele ya kifundo na vifaa kwenye tundu la pili, huku maji yakitanua nafasi.

Akishaingia, kazi ya kwanza ni kuondoa gegedu lililokufa na vipande vinavyoelea, mpaka kingo za kidonda zibaki imara. Kisha hutoboa vitobo vidogo kwenye mfupa wa chini ili damu ya uboho ipande, igande na kuziba pengo. Njia hii ilienezwa na daktari Richard Steadman wa Marekani kuanzia miaka ya 1980, kwanza kwenye goti. Ni rahisi na haihitaji vifaa vya ajabu, na wengi hupata nafuu. Kinachoota, hata hivyo, ni kovu lenye nyuzi, lisilodumu kama gegedu la kuzaliwa nalo. Mgonjwa aambiwe hivyo kabla hajatia sahihi.

Ukubwa wa kidonda ndio huamua zaidi ya kitu kingine. Utafiti wa Korea Kusini uliochapishwa mwaka 2009 uliweka mpaka wa milimita za mraba 150: vidonda vilivyozidi hapo vilishindwa mara nyingi zaidi baada ya kutobolewa. Uchambuzi wa baadaye umeushusha mpaka huo hadi karibu milimita za mraba 107. Kwa kidonda kikubwa, au chenye shimo refu la mfupa, daktari atafikiria kupandikiza. László Hangody wa Hungaria alianza miaka ya 1990 kuhamisha vijiti vya mfupa vyenye gegedu lake kutoka sehemu ya goti isiyobeba uzito. Gegedu hilo ni halisi, lakini goti lililokuwa zima nalo linaweza kubaki na maumivu, na mara nyingi mfupa wa kifundo kwa ndani hukatwa ili kufika mahali penyewe, kisha hufungwa kwa skrubu. Huko Göteborg, Uswidi, Mats Brittberg na Lars Peterson walichukua seli za gegedu la mgonjwa, wakazikuza maabara na kuzirudisha. Matokeo yao ya goti yalichapishwa mwaka 1994, na baadaye njia hiyo ikapelekwa kwenye kifundo. Ni matibabu ya gharama kubwa, na siyo ya kukopea nyumba.

Kuna jambo ambalo naona linasahauliwa. Kama kano za nje zimelegea na mguu unapinduka kila mara, kutengeneza gegedu peke yake ni kazi bure. Kano zikazwe katika matibabu hayohayo. Lennart Broström wa Uswidi alieleza njia ya kuzishona mwaka 1966, na mpaka leo njia hiyo, pamoja na maboresho yake, ndiyo msingi.

Halafu kuna miezi ya baada ya upasuaji, na hapa ndipo wengi wetu tunapoharibu. Kwa kawaida mgonjwa hutembelea magongo kwa wiki nne hadi sita bila kukanyagia mguu huo kwa uzito wote, lakini kifundo chenyewe huanza kuchezeshwa mapema, kwa sababu mwendo ndio unaosambaza ute unaolisha tishu mpya. Mazoezi ya fiziotherapia yanafuata, kisha kuogelea au baiskeli. Kukimbia na kuruka husubiri miezi minne mpaka sita, wakati mwingine zaidi. Mtu anayeishi kwa kibarua cha siku hawezi kukaa hivyo bila msaada wa familia na mwajiri, na mazungumzo hayo yafanyike kabla ya siku ya upasuaji.

Si kila kidonda kinahitaji kisu. Kwa watoto na vijana ambao gegedu lao halijaachana na mfupa, hogo na kupumzisha mguu hujaribiwa kwanza, na baadhi hupona. Kidonda kilichoonekana kwa bahati kwenye kipimo cha kitu kingine, bila maumivu, huachwa na kufuatiliwa.

Hapa nchini Tanzania, Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, iliyoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1996, imekuwa ikifanya upasuaji wa goti na bega kwa matundu madogo. Hospitali za rufaa zipewe mafunzo na vifaa vya kifundo pia, kwa maana ajali za pikipiki zinaleta vifundo vingi kuliko wachezaji wa ligi. Na wewe msomaji, kama mguu wako uliteguka na wiki sita zimepita ukiwa bado unauma, unavimba ifikapo jioni au unakwama unapoukunja, usirudi kwa mchuaji. Nenda kwa daktari wa mifupa, mweleze siku ulipoumia, na umuulize mambo mawili: gegedu langu likoje, na kidonda kina ukubwa gani.